Mwito wa Tatu

Mtaa wa West Indies, Eldoret
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Kwa Baba mkubwa Shitanda,

Nianze na habari kisha nisalimie, maana ndivyo kazi ya redio ilivyoniharibu. Msitu wa Mabira, kule Uganda, umetoka kwenye orodha yetu. Mwalimu Kimutai alitutangazia jana, baada ya kugundua kwamba wawili kati yetu hawana karatasi za kuvukia mpaka na hawana haraka ya kuzitafuta.

Sasa salamu. Hujambo, Baba mkubwa? Mguu wa kushoto bado unaburuta, ama ile dawa ya kuchua niliyotuma imesaidia? Unakula? Kavetsa jirani yako aliniambia sokoni kwamba masikio sasa yamefunga kabisa, hata akikupigia kelele unamtazama mdomo tu. Ndiyo maana sikupigii simu. Amekubali kutubebea barua kila Jumanne na Ijumaa anapoleta kunde zake huku Eldoret. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kidogo kwa baridi.

Shida yangu ni hii. Sisi watu sita hutembea pamoja kila Jumamosi, kilomita kumi au kumi na tano. Katikati ya Novemba tunataka kukaa siku mbili ndani ya msitu wa mvua, ule wa kweli, wenye giza mchana. Imebaki misitu miwili: Nandi Kusini, na huo wenu wa Kakamega. Jana tulikutana Elgon View kwa Brenda, mwenye duka la dawa. Kimutai anataka Nandi. Alisema huko unaweza kutembea tangu asubuhi hadi jioni usione mtu. Brenda akamwuliza, "Mwalimu, hiyo ni safari ama ni adhabu ya wanafunzi wa Fomu Tu?" Emmanuel wa Cheptiret, mwenye gari, alisema yeye ataenda popote bora lami ifike na chai iwe karibu. Tulipiga kura ikatoka tatu kwa tatu. Wakaniambia nimwulize mtu anayejua.

Wewe ulikuwa askari wa msitu miaka thelathini na moja. Nakuuliza rasmi: ungechagua upi?

Najua utakachofikiria kwanza. Humo ndimo ndugu yangu Mulongo alipotea mwaka 1998, alipokwenda kuchimba mizizi ya mukombero. Wenzangu nimewaambia. Imepita miaka ishirini na sita.

Binti yako,
Musimbi


Shinyalu
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Binti yangu Musimbi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, mguu ni ule ule, dawa inanukia vizuri lakini mguu hauna habari nayo. Kifua chako kinywee maji moto yenye tangawizi, na uache kusimama nje na vipaza sauti asubuhi.

Umeniuliza rasmi, nakujibu rasmi. Nendeni Nandi. Mwalimu ana akili. Huku kwetu daraja la miguu la mto Ikuywa limebebwa na maji. Tena kuna chui ameonekana mara mbili. Tena Novemba huku mvua inazidi ya Nandi, mtalala ndani ya matope kama nguruwe.

Mwambie huyo wa duka la dawa aache kumchokoza mwalimu.

Baba yako mkubwa,
Shitanda


West Indies, Eldoret
Jumanne, 17 Septemba 2024

Kwa Baba mkubwa,

Natumaini umeamka salama na kuku wanataga. Kifua changu kimepona, tangawizi ilifanya kazi.

Umenipa sababu tatu na nimezikagua zote. Kavetsa alivuka lile daraja Jumapili akienda kanisani, akiwa na beseni kichwani. Nilimpigia mtu anayeongoza wageni humo msituni, akacheka, akasema chui wa mwisho alionekana kabla yeye hajazaliwa. Mvua ya Novemba nimeitazama kwenye rekodi za miaka kumi, tofauti ya misitu hii miwili haifiki siku mbili kwa mwezi.

Hujawahi kunidanganya, Baba mkubwa. Hata nilipokuwa darasa la tatu ukaniambia paka wangu amekufa, wakati kila mtu alisema ametembea. Kwa hiyo kuna sababu ya nne. Iandike.

Nami nikwambie ya kwangu. Aliyeutia msitu wa Kakamega kwenye orodha ni mimi. Nilifika nyumbani siku ya kumi, nikakuta mgomba tayari uko kaburini mahali pa Mulongo, na watu wanakula. Mliniambia mmetafuta siku tisa hamkupata hata dalili moja. Nataka kupaona mahali mlipoachia.

Binti yako,
Musimbi


Shinyalu
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Binti yangu Musimbi,

Nakusalimu, na naomba uzima uwe nao. Nimekawia kwa sababu nimeandika barua hii mara tano, nne zimewasha jiko.

Unajua sheria yetu ya msituni, ulifundishwa ukiwa mdogo. Mtu akiitwa ndani ya msitu haitiki mwito wa kwanza wala wa pili. Anasubiri wa tatu. Mtu wa kweli ataita mara tatu, kile kingine hakiwezi kufika tatu. Baba yangu alinifundisha hivyo, nami nilifundisha askari wote waliokuja chini yangu.

Siku ya tisa tulikuwa wanaume kumi na wawili. Saa kumi jioni tulifika pale mto Ikuywa unapokunja, penye mti mkubwa wa mutere uliopasuka. Tukasikia mtu akiita ng'ambo. Alisema, "Baba mkubwa." Wote tulisikia. Shemeji yako mmoja alifungua mdomo aitike, nikamfunika kwa mkono wangu huu. Nikanyoosha kidole kimoja. Tukasikia tena, "Baba mkubwa." Nikanyoosha viwili. Tukasimama kusubiri wa tatu mpaka mbu wakaanza. Haukuja. Nikawaambia ni kile kingine, turudi. Asubuhi yake nikaamuru mgomba ukatwe, na nikawaapisha wasikwambie.

Sasa sababu ya nne ni hii. Masikio yangu yamekufa. Redio siisikii. Ng'ombe simsikii. Mvua juu ya mabati naiona kwenye dirisha tu. Lakini tangu mwezi wa sita, jioni nikikaa nyuma ya nyumba, ile sauti naisikia. Inaita mara mbili. Inanyamaza.

Nendeni Nandi.

Baba yako mkubwa,
Shitanda


West Indies, Eldoret
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Kwa Baba mkubwa,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Barua yako nilipewa Ijumaa. Jumamosi sikwenda kutembea na wenzangu. Jumatatu nilisoma taarifa ya habari kama kawaida, saa moja, saa sita na saa kumi, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kwa nini sauti yangu imebadilika. Kwa hiyo naweza kuandika.

Kuna jambo moja nitalisema mara moja tu. Mtu aliyekaa siku tisa bila chakula anaweza kuwa na pumzi ya kuita mara mbili, akakosa ya mara ya tatu.

Siandiki ili nikuumize. Naandika kwa sababu nadhani umelijua hilo kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyekusaidia kulisema.

Kuhusu unachosikia sasa, sina la kusema mpaka nipate kitu cha kusikiliza. Kavetsa atakupa kinasa sauti changu cha zamani. Nimekifunga kamba ili ukivae shingoni. Kitufe chekundu ni kuanza, taa ikiwaka kinafanya kazi. Kaa mahali unaposikia, kiache kinase mpaka giza, kisha kinirudishie. Usiingie msituni peke yako. Mguu wako hauna uwezo huo.

Kura ya safari nimeomba isimame. Brenda amekasirika, alikuwa ameshanunua viatu.

Binti yako,
Musimbi


Shinyalu
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Binti yangu,

Shikamoo nairudisha kwako safari hii, maana umeandika kama mkubwa wangu. Nimeisoma barua yako nje, nikaisoma tena ndani. Yale ya pumzi ni kweli. Nilijua.

Kifaa chako kimefanya kazi. Sikukaa nyuma ya nyumba. Usikasirike. Jumatatu nilikwenda mpaka kwenye mutere uliopasuka, pole pole, kwa fimbo mbili. Nilifika saa nane nikabonyeza. Mti bado umesimama, upande mmoja una majani.

Kabla ya saa kumi na moja nikasikia. Mara mbili. Sikuitika. Kidole changu kilinyooka chenyewe, kisha cha pili. Nikasubiri kama mjinga yule yule.

Sikiliza, uniambie unachosikia wewe mwenye masikio. Kama hakuna kitu, niambie hakuna kitu. Kisha nirudishie kifaa na betri mpya.

Kavetsa anasema nimekonda. Yeye je, amejitazama?

Baba yako mkubwa,
Shitanda


West Indies, Eldoret
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Kwa Baba mkubwa,

Salamu. Kula, tafadhali. Nimempa Kavetsa mkate, maziwa ya unga na sukari.

Umeniomba nikwambie ninachosikia. Saa mbili na dakika hamsini na moja za mwanzo ni ndege, kima wakirushiana maneno, maji, na kikohozi chako. Katika dakika ya hamsini na mbili ndege wananyamaza. Kisha mwanaume anasema, "Baba mkubwa." Sekunde tisa. Anasema tena, "Baba mkubwa." Baada ya hapo ni pumzi zako tu, na ndege wanarudi mmoja mmoja.

Sikuamini masikio yangu peke yangu. Jumapili niliwachezea wenzangu kwa Brenda bila kuwaambia watafute nini. Kimutai alisema ni hondohondo, ndege yule huweza kukoroma kama mtu. Nikairudisha. Mara ya pili alisogeza kiti karibu na kifaa. Brenda aliinuka akaenda kufunga dirisha. Emmanuel aliuliza, "Sasa huyu anaita baba yake mkubwa, kwani kuna mtu hamjibu?"

Ninayoyajua kwa hakika ni machache. Ni sauti ya mtu. Ni ya mtu mzima, si mzee. Duniani ni watu wawili tu waliowahi kukuita hivyo, na mmoja ndiye anayekuandikia. Zaidi ya hapo sijui, na sitasema kitu nisichokijua.

Nitafika Jumamosi tarehe 2 Novemba asubuhi. Nitakuja na yule mwongoza wageni, tutaingia mchana, sote watatu. Kinasa sauti nakirudisha kama ulivyotaka, na betri mpya. Nakuomba jambo moja: nisubiri.

Binti yako,
Musimbi


Shinyalu
Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Binti yangu Musimbi,

Salamu za kutosha, na asante kwa mkate.

Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imechanika. Anayeuliza kwani kuna mtu hamjibu, msalimie sana. Ana akili kuliko sisi kumi na wawili.

Leo nimetoboa ukuta wa nyuma, upande wa jiko. Unajua kwa nini. Aliyezikiwa mgomba akirudi hapiti mlango wa mbele, huo ni wa walio hai na hatukumhesabu nao. Hupitia ukuta wa nyuma, kisha ndipo anapewa maji, na jina lake linatajwa tena. Nimelifanya tundu kimo cha mtu aliyeinama. Udongo ulikuwa mgumu, nilijenga vizuri ujana wangu. Kavetsa aliuliza kama nimepatwa na kichaa, nikajifanya sikumsoma mdomo.

Sasa inaita mchana pia. Jana iliita nikiwa kanisani, katikati ya mahubiri, nikawa mimi pekee niliyegeuka.

Nitakusubiri kama nitaweza.

Baba yako mkubwa,
Shitanda


West Indies, Eldoret
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Kwa Baba mkubwa Shitanda,

Hujarudi nyumbani tangu juzi, Jumatano. Kavetsa ndiye aliyenieleza leo saa mbili asubuhi sokoni, akiwa hajashusha hata gunia moja. Naandika barua hii ili aiweke juu ya meza yako leo jioni.

Nakusalimu. Sitauliza habari za mguu.

Kavetsa anasema Jumatano alfajiri ulimpitia ukiwa umevaa koti lako la uaskari, kinasa sauti kikiwa shingoni, ukafunga kufuli mbele yake ukampa ufunguo. Ulimwambia utarudi kabla ya saa sita, awape kuku maji. Jana jioni alifungua kufuli akaingia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya meza palikuwa na kinasa sauti, na kamba yake imezungushwa vizuri. Ameniapia kwamba ufunguo haukutoka kwenye leso yake. Hakuona mtu akipita uani, na mbwa wake hakubweka.

Kavetsa amekuja nacho, nami nimekisikiliza ndani ya gari la Emmanuel, mara tatu, na kalamu mkononi. Nakuandikia kama nilivyoandika kwenye daftari.

Mwanzoni ni hatua zako kwa dakika sitini na nne. Mguu wa kushoto unasikika ukiburuta majani. Kisha maji ya mto, na wewe ukishusha pumzi ukiketi. Baada ya dakika kumi na moja ndege wananyamaza. Mwito wa kwanza. Sekunde tisa. Mwito wa pili. Hukusubiri. Unasema, "Naam, Mulongo. Niko hapa. Nimechelewa." Unasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeitwa chakula.

Halafu kwa dakika kumi na saba hakuna kitu. Hata maji siyasikii, na sijui inawezekanaje, maana mto uko pale pale.

Kisha hatua zinaanza tena. Ni za mtu mmoja. Anatembea haraka, anapumua bila kuhema, na mguu wake hauburuti. Anatembea dakika thelathini na mbili, nusu ya muda uliotumia wewe. Simsikii akifungua kufuli. Nasikia udongo ukikwaruzwa, kama nguo ikipita mahali pembamba. Kisha kifaa kinawekwa juu ya mbao. Hakuna aliyebonyeza kitufe. Kiliendelea kunasa chumba kitupu mpaka betri zikaisha.

Emmanuel aliniuliza, "Musimbi, huyo ni mzee amepona mguu?" Akawasha gari kisha akalizima.

Nimeandikisha taarifa polisi saa tano. Askari wa msitu wameanza kutafuta upande wa mto. Wazee wa ukoo wamempigia Kavetsa simu wakiulizia mgomba, kama ukatwe Jumapili, maana umri wako ni mkubwa na usiku ni baridi. Nimewaambia hapana. Wakasema basi watangoja siku tisa za desturi. Nimewaambia hata ya tisa ikifika, atakayeugusa mgomba atanikuta hapo.

Tundu la ukuta wa nyuma Kavetsa alitaka kuliziba kwa gunia. Nimemkataza. Akaniuliza, basi maji je? Nimemwambia aweke mtungi na vikombe viwili.

Kuhusu safari yetu: tumekutana adhuhuri kwa Brenda na kura imerudiwa. Ni Kakamega, sita kwa sifuri. Kimutai ndiye aliyependekeza. Brenda atavaa vile viatu. Tunaondoka Eldoret saa kumi alfajiri, na tunaingia msituni kesho, Jumamosi tarehe 2 Novemba, saa moja asubuhi, kwa njia ya daraja la Ikuywa, kuelekea mutere uliopasuka. Nimewapa wote agizo moja: atakayesikia mtu akiita, aitike mwito wa kwanza.

Binti yako,
Musimbi